Magunia ya Suekichi

"Meno haya hayajaonja wanja tangu yaote, na wewe unataka niyapake leo, mwenyewe amekwisha kufa? Unga wa wanja umekwisha, Mataichi! Tangu alfajiri nimepaka vichwa kumi na tisa, na vyote, eti, ni vya wakubwa. Basi sijui hao akina Tsunomori walikuja vitani na nani wa kubeba mikuki, maana kwa maneno yenu mmeua makamanda watupu."

Shige aliyasema hayo akiwa amepiga magoti juu ya gunia kuukuu, mikono imelowa mpaka viwikoni. Mbele yake, juu ya ubao, palikuwa na kichwa cha mtu, bado kimejaa tope la mtoni. Alikuwa amekifunua mdomo kwa kidole gumba, kama wanunuzi wanavyomfunua farasi, akaona meno meupe. Hilo lilimtosha, hata uso hakuwa ameuosha.

"Mama mkubwa, punguza sauti," alisema Mataichi.

"Nipunguze kwa ajili ya nani? Hawa?" Alielekeza kidevu kwenye safu ya vichwa vilivyokwisha kuoshwa, kuchanwa nywele na kupakwa poda, kila kimoja na kibao chake cha jina. "Hawa wamezichoka kelele zenu tangu jana."

Wanawake wawili waliokuwa wakichochea moto waliinamisha nyuso zao. Lilikuwa ghala la mchele la ngome ya Kurose, ila mchele wenyewe uliliwa na jeshi mpaka punje ya mwisho, na sasa ghala lilikuwa la kazi hii. Saa sita mchana bwana wa Kurose angekaa uani kuvitazama vichwa, na kila mwanamume angesimama karibu na alichokileta. Meno meusi, yaliyopakwa wanja, maana yake mtu wa cheo: aliyemleta anapewa shamba, au farasi. Meno meupe, maana yake mtu yeyote tu, na aliyemleta anaambiwa ahsante. Kwa hiyo tangu zamani wanaume wa vita huwajia wanawake wa kuosha vichwa wakinong'ona, mama, mtie kidogo, mtie wanja kidogo. Na wanawake hutia. Nani atagombana na mtu mwenye upanga?

Shige ndiye aliyegombana, maana huyu mwenye upanga alikuwa amemlea mwenyewe.

"Na lile je?" Mataichi alionyesha kona ya ghala. Palikuwa na gunia dogo limefungwa kwa kamba nyekundu. "Lile limejaa."

"Lile lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe si wewe."

Kijana alichuchumaa karibu yake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na usiku mmoja wa kutolala ulimfanya aonekane wa arobaini. "Mama mkubwa, sikiliza. Kichwa hiki kina kofia yake ya chuma, yenye pembe za dhahabu. Wametuahidi shamba la maji, lile la chini ya mfereji, magunia ishirini kwa mwaka. Kipupwe hiki sitakaa tena safu ya mbele. Kumi tulikuwa safu ya mbele jana. Tumerudi watatu. Unataka wakuletee na mimi kwenye ubao?"

Shige aligeukia ubao. Alijua shamba lile. Kila mtu alilijua. Mama yake Mataichi, mdogo wake Shige, alikufa kwa njaa mwaka wa mafuriko, na shamba kama lile lingetosha kumponya.

Alikifunua tena kile kichwa mdomo, atazame kama meno yenyewe yatashika wanja. Jino la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa limemeguka pembeni.

Mkono wake ukasita.

Niseme kwanza huyu Shige alikuwa nani, maana wengi walimjua kwa ulimi wake tu. Mumewe, mfinyanzi, alimwacha mjane akiwa na miaka ishirini na sita. Watoto aliwazaa wawili na hakuna aliyefika siku arobaini. Akabaki na vyungu vya marehemu na mpwa wa miaka minne. Basi akachukua chungu kikubwa kuliko vyote, akatia misumari yenye kutu, akamimina chai kali na siki na pombe ya mchele, akafunika, akakiweka karibu na moto mpaka kikanuka mtaa mzima. Majirani walimlalamikia. Huko wanawake watu wazima nao hupaka meno meusi kama mabwana wa cheo, kwa hiyo baadaye majirani haohao walipanga foleni, maana maji ya chuma ya Shige yalishika meno kuliko ya mwingine yeyote chini ya ngome ile. Mwanamke aliyepakwa na Shige alikaa siku nne kabla ya kurudia, na weusi wake ulikuwa weusi wa bakuli jipya lililopakwa lakeri nyeusi inayong'aa.

Lakini maji ya chuma peke yake hayafanyi kitu. Lazima uwe na unga wa vinundu, vile vinavyoota kwenye majani ya miti ya mlimani wadudu wakiyatoboa. Na mlima ulikuwa ng'ambo ya mto, kwa akina Tsunomori.

Aliyevileta alikuwa Suekichi wa kijiji cha Oborozawa. Kila mwaka majani yakipukutika alivuka kivuko na gunia mgongoni, mtu mfupi, sikio moja limeliwa ncha na baridi ya theluji. Alikuwa na tabia ya kuvunja kinundu kwa meno ili kuonyesha kimekauka, na mwaka mmoja kilichovunjika kikawa jino.

"Endelea hivyohivyo," Shige alimwambia, "utazikwa kibogoyo."

"Afadhali kibogoyo kuliko mwizi. Nirudishie gunia langu, bi Shige."

"Gunia gani?"

"La mwaka jana. Na la mwaka juzi. Mke wangu anayashona, wewe unayakalia."

"Ukitaka gunia lako lirudi, usilete kitu ndani yake."

Walikuwa wakisalimiana hivyo kwa miaka kumi na minne. Mataichi alipokuwa mdogo, Suekichi alimletea kipande cha sega la asali ndani ya jani, na mtoto alimngoja kivukoni siku nzima, si kwa mapenzi ya vinundu.

Miaka mitatu nyuma, Suekichi alileta gunia la ziada, dogo, lenye kamba nyekundu. Siku hiyo hakutania. Alikaa chini vizuri, akaweka mikono magotini.

"Hili halina bei. Ni la binti yangu, Nui. Siku yake ya kupakwa ikifika, nataka umpake wewe. Vinundu nimetoa mimi, kazi utatoa wewe."

Msichana anayekaribia kuolewa hapakwi na mamake mara ya kwanza. Hutafutwa mwanamke mwingine, ambaye meno yake yanashika vizuri, na tangu siku hiyo msichana humwita mama wa wanja, humpelekea keki za mchele mwaka mpya, na akizaa humwonyesha mtoto. Shige aliyezika wawili alilipapasa lile gunia kwanza. Halafu akasema, "Gunia lenyewe bovu," akalipokea kwa mikono miwili.

Majani yalipopukutika tena, akina Kurose na akina Tsunomori walikuwa wamekwisha kukosana juu ya maji ya mfereji, na kivuko kikafungwa kwa vigingi. Shige akabaki na unga wa akiba na gunia moja lisilofunguliwa. Juzi askari walipokuja kubeba vitu vyake vyote kwenda ngomeni, chungu, brashi, hata magunia makuukuu, lile lenye kamba nyekundu alilibeba mwenyewe, akasema atakayeligusa atamwagiwa maji ya chuma machoni.

Sasa alichukua kitambaa, akakichovya kwenye maji ya moto, akaanza kuosha uso uliokuwa mbele yake. Taratibu. Tope lilitoka kwenye paji, kwenye nyusi, kwenye mashavu. Alipofika sikioni alijua kabla ya kuosha, lakini akaosha.

"Mama mkubwa?" alisema Mataichi. Kisha naye akaona.

"Ni yule," alisema. "Yule wa asali."

"Ilikuwaje?" Shige aliuliza.

"Ukungu. Hatukuonana hata na wenzetu. Walivuka maji yakiwa kiunoni, sisi tukawangoja kwenye matete, na ngoma ilipolia kila mtu akachoma kilichokuwa mbele yake. Mimi niliona pembe za dhahabu tu. Na barakoa ya chuma. Nikasema, Mataichi, shamba lako hilo hapo." Alifuta pua kwa kiganja. "Nilipoivua barakoa uso wote ulikuwa tope. Mkononi hakuwa na upanga, alikuwa na kamba za mizigo. Nikajua ni mpagazi, amevaa kofia ya bwana wake. Lakini nani, sikujua. Naapa sikujua."

"Hakusema kitu?"

"Alisema kitu, mama mkubwa. Sikusikiliza."

Shige alichukua kitana, akaanza kumchana Suekichi nywele. Zilikuwa zimeota mvi tangu alipomwona mara ya mwisho. Alizifunga kwa uzi mpya, akampaka poda nyembamba, sawasawa kama wale kumi na tisa. Mikono ya kazi ina ukaidi wake.

Mataichi akasema kwa sauti ndogo, "Lakini amekwisha kufa. Hawezi kufa zaidi. Nimesikia kamanda wao mmoja, Kanbara, hajaonekana tangu jana. Kofia ni ya watu wa aina hiyo. Ukimpaka..."

"Nikimpaka atatiwa kwenye pipa la chumvi. Atabebwa siku nne mpaka mji wa bwana mkubwa, ataning'inizwa langoni na jina la Kanbara, na kunguru watamla kwa jina hilo. Asipopakwa atapewa watawa, na kwao wakija kumtafuta watampata. Hiyo ndiyo tofauti. Nimekuchambulia ili usije ukasema hukujua."

"Na mimi? Mimi sina tofauti?"

"Unayo. Ndiyo maana sikupigi." Aliweka kitana chini. "Unga upo, ndani ya gunia lile. Vinundu vyake alivichuma yeye, kwa mikono yake, kwa ajili ya mwanawe. Kama unataka nimwibie jina kwa unga wake mwenyewe, nenda kafungue ile kamba. Mimi siifungui."

Mataichi aliitazama kamba nyekundu. Akainuka, akapita karibu nayo, akatoka nje alikokuwa amekaa mwandishi wa vibao. Alirudi na kibao chenye wino mbichi, akakifunga kwenye nywele za Suekichi bila kusema neno, akaichukua ile kofia ya pembe, akaiweka pembeni mwa ubao.

Shige hakujua kusoma. Alikiangalia kibao kile kama mtu anavyoutazama mlango uliofungwa. Wako makamanda wasiopaka meno, hasa hawa wa siku hizi wanaojifanya hawajali mambo ya urembo, na kofia ile peke yake ingeweza kumbeba Suekichi mpaka langoni kwa jina la Kanbara. Angeweza kumuuliza kijana. Hakumuuliza. Alikuwa amemlea miaka kumi na minane, na akaona kama hiyo haikutosha, swali moja halitaongeza kitu.

Saa sita waliviweka vichwa uani. Bwana wa Kurose alikaa kwenye kigoda na deraya yake kamili, na mbele yake alipita bwana Ikuma, mzee mwenye jicho moja, akiuliza na kupima. Mwandishi alisoma vibao kwa sauti. Kamanda fulani. Kamanda fulani. Msaidizi wa kamanda fulani. Wanawake walikaa nyuma kwenye changarawe, mapaji ya nyuso zao yakikaribia kugusa chini.

Walifika kwenye kofia ya pembe, na bwana Ikuma akaongeza mwendo. "Enhe! Huyu sasa. Soma."

Mwandishi alisafisha koo. Akasita. Akasoma: "Suekichi. Mchuma vinundu, wa Oborozawa. Mpagazi."

Watu hawakucheka mara moja, kwanza walidhani wamesikia vibaya. Kisha wakacheka.

"Na kofia hii?" aliuliza bwana Ikuma.

"Ya bwana wake, bwana," alijibu Mataichi. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Alikuwa ameibeba. Mishale ilipozidi, akaivaa."

"Na wewe ukaona pembe, ukamkata mpagazi."

"Ndiyo, bwana."

"Shukuru hawakuleta ng'ombe wa mizigo. Naye ana pembe." Uani pakacheka tena. Bwana Ikuma alisubiri kicheko kiishe. Yeye hakuwa amecheka. "Kofia iende ghala la silaha. Wewe rudi kwenye safu yako. Ya mbele?"

"Ya mbele, bwana."

Mzee alikitazama kile kichwa, nywele zilizofungwa kwa uzi mpya, poda iliyolala vizuri. "Nani aliyemtengeneza mpagazi namna hii?"

"Ni mimi, bwana," alisema Shige kutoka chini. "Maji yalikuwa bado ya moto."

"Kiondoeni."

"Nakiomba mimi, bwana."

Bwana Ikuma alimgeuzia jicho lake moja. "Ndugu yako?"

"Hapana, bwana. Ananidai."

Mzee akapunga mkono, na ikaeleweka kuwa ni ruhusa.

Pande mbili zilikubaliana siku tatu za kutopigana, kila mtu akusanye wafu wake. Siku ya tatu asubuhi Shige alivuka. Kichwa cha Suekichi alikifunga ndani ya gunia alilokuwa akifunikia chungu, lililokuwa zima kuliko mengine. Alilifua mara mbili na bado lilinuka chuma. Alimbeba kifuani, na lile gunia dogo la kamba nyekundu begani. Mataichi alikuja nyuma bila upanga, na mtungi wa maji ya chuma mgongoni.

Kivukoni mlinzi wa Tsunomori, bado mdogo wa kuota ndevu, alimzuia. "Bibi, umebeba nini? Tikiti?"

"Baba wa watu," alisema Shige. "Nyoosha huo mkuki, utakutoboa mwenyewe."

Mlinzi akasogea.

Oborozawa ni nyumba tisa tu. Ya Suekichi ilijulikana kwa kaburi lililokuwa wazi nyuma yake. Wapagazi wenzake walikuwa wameuleta mwili, lakini mkewe, Tome, alikataa usifukiwe. Alisema mumewe hakuzaliwa nusu na hatalala nusu. Siku tatu alikuwa amekaa pale na tawi, akifukuza nzi.

Shige alimpa gunia. Tome alilitambua kabla ya kulifungua, maana mshono ulikuwa wake. Alifungua, akatazama muda mrefu, akagusa lile sikio.

"Nani alimwua?" aliuliza.

Shige alikuwa amejiandaa kusema vita, kusema ukungu. Mataichi alimtangulia. Alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye udongo.

"Mimi, mama. Alikuwa akiniletea asali."

Mlangoni alikuwa amesimama msichana mrefu, Nui. Alichota maji kwa kata, akamrushia Mataichi, na kata yenyewe ikafuata, ikampata begani. Mataichi hakuinuka. Tome alimtazama yule kijana kama anavyotazamwa mtu aliye mbali sana. Kisha akamsukumia jembe kwa mguu.

"Fukia," alisema.

Walimlaza Suekichi akiwa kamili, kichwa ndani ya gunia lake. Mataichi akafukia, polepole, akivunja mabonge kwa mikono ili yasimwangukie kwa nguvu.

Walipoingia ndani, wanawake watatu, Tome alimwambia Shige, "Nui anakwenda kwa mume mwezi wa kumi. Kwa mkwe wameulizia meno mara mbili. Baba yake alisema ataoa akiwa amepakwa na wewe tu... ataolewa, naomba radhi, kichwa changu hakiko sawa. Alilipa. Fanya kazi yako."

"Mimi sitaki," alisema Nui. "Wanja wa ng'ambo hauingii mdomoni mwangu."

"Si wa ng'ambo," alisema Shige. Aliweka lile gunia dogo mbele ya magoti ya msichana. "Huu ni wa baba yako. Wangu ni maji tu, na maji hata wewe unaweza kuyatema. Kamba hii aliifunga yeye. Sijaifungua miaka mitatu, na leo pia siifungui mimi."

Nui aliitazama ile kamba kwa muda. Kilikuwa kifundo cha Suekichi, kile cha kuzungusha mara mbili ambacho mvua hailegezi. Alianza kukifungua kwa kucha. Kilikataa. Akainama, akakifungua kwa meno.

Basi Shige akafanya kazi yake. Alipasha maji ya chuma mpaka yakatoa mvuke, akatwanga unga, akaupepeta. Brashi ya maji, brashi ya unga, brashi ya maji, brashi ya unga. Msichana alifumba macho kwa harufu na machozi yakamtoka, ya moshi au ya kitu kingine, hakuna aliyeuliza. Nje lilisikika jembe likisawazisha udongo, kisha shoka. Mataichi alikuwa ameona kuni hazijapasuliwa. Hakuna aliyemwita ndani.

Ilipofika alasiri Nui alisukutua, akapanua midomo mbele ya beseni la maji. Meno yalikuwa meusi, yanang'aa, hayana doa hata moja. Hakumwita Shige mama siku ile, na Shige hakungoja kuitwa. Alianza kukusanya brashi zake.

Tome alimimina unga uliobaki kwenye kopo, akalikung'uta lile gunia dogo mlangoni, akalikunja mara nne.

"Hili limerudi," alisema. "Yeye alisema una mengine matatu."

"Matatu, kweli," alisema Shige. "Moja umelizika leo."

"Nimeliona. Na mawili?"

"Moja nimelifanya chujio. Jingine nalipigia magoti nikifanya kazi, limetoboka katikati."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, sura ya Tome ililegea. Alitazama nyuma ya nyumba, ambako shoka lilikuwa bado linalia.

"Miaka yote hiyo ananisumbua, shona, Tome, shona, bi Shige ameyakalia," alisema. "Basi kaa nayo. Hayo mawili nimekuachia."